Azimio la Milano: lugha, uzamivu na sayansi ya siasa nchini Italia

Tarehe 21 Mei 2012 Seneti ya Politecnico di Milano, chuo cha uhandisi na usanifu majengo kilichoanzishwa mwaka 1863, ilipitisha azimio fupi lenye uzito. Kuanzia mwaka 2014, kozi zote za umahiri (shahada ya pili) na za uzamivu (shahada ya udaktari) zifundishwe kwa Kiingereza peke yake. Kiitaliano kibaki kwenye shahada ya kwanza. Chuo kiliahidi kuwanoa wahadhiri wake kwa Kiingereza na kuwashika mkono wanafunzi watakaokwama. Waziri wa elimu wa wakati ule, Francesco Profumo, ambaye mwenyewe alikuwa amewahi kuwa mkuu wa Politecnico ya Torino, aliunga mkono. Wahadhiri wapatao mia moja wa chuo hichohicho cha Milano hawakuunga mkono. Walikwenda mahakamani.

Kisa hiki wamekiandika sana wanasheria na watu wa isimu. Mimi nakiingia kwa mlango ambao haukupitwa na wengi, yaani lile neno "uzamivu" lililokuwa ndani ya azimio. Mjadala wote uliwaka kuhusu madarasa ya umahiri. Uzamivu ulifuata nyuma kama mtoto aliyebebwa mgongoni. Na uzamivu ninaoutazama si wa uhandisi, ni wa sayansi ya siasa, kwa sababu mhandisi anayepima uimara wa zege hajali zege linasema lugha gani. Anayechunguza vyama, bunge na halmashauri za Italia anachunguza kitu kinachosema Kiitaliano asubuhi mpaka jioni.

Ninachokiona ni hiki: mahakama zilikilinda Kiitaliano pale penye umati, darasani. Kwenye uzamivu Kiingereza kilikuwa kimeshaingia bila kelele, kupitia fedha, kanuni na majarida. Ajira ya chuo kikuu, nayo, ilibaki na taratibu zake za Kiitaliano. Anayelipa tofauti kati ya hayo mawili ni mwanafunzi wa uzamivu, mmoja mmoja, kimyakimya.

Shauri lilivyokwenda

Walalamikaji walishika sheria kongwe: amri ya kifalme Na. 1592 ya tarehe 31 Agosti 1933, kifungu cha 271, kinachosema kwamba Kiitaliano ndiyo lugha rasmi ya kufundishia na ya mitihani katika taasisi zote za chuo kikuu. Ni sheria ya zama za Mussolini, lakini haikuwa imefutwa. Chuo kilijibu kwa sheria mpya, Na. 240 ya tarehe 30 Desemba 2010, ile ya mageuzi ya vyuo vikuu, ambayo kifungu chake cha 2 kinavitaka vyuo viimarishe sura yao ya kimataifa, ikiwemo kwa kuanzisha masomo, kozi na njia za udahili kwa lugha ya kigeni.

Mahakama ya utawala ya mkoa wa Lombardia ilitoa hukumu Na. 1348 tarehe 23 Mei 2013 na kulifuta azimio. Kwa maoni ya majaji wale, chuo kilikuwa kimevuka mpaka. Kuongeza Kiingereza ni jambo moja, kukiondoa Kiitaliano ni jingine.

Chuo na Wizara wakakata rufaa katika Consiglio di Stato, mahakama ya juu ya mashauri ya utawala. Hapa shauri likageuka kwa namna ambayo wengi wanaolisimulia hawaigusi. Mnamo Januari 2015 majaji wa rufaa walisema, kwa maneno yangu, kwamba tukiisoma sheria ya 2010 kama ilivyoandikwa, chuo kina haki: sheria inaruhusu kozi kwa lugha ya kigeni na haisemi lazima kuwe na kozi pacha ya Kiitaliano. Lakini je, sheria yenyewe inakubaliana na Katiba? Wakalipeleka swali hilo Mahakama ya Katiba. Kwa hiyo kufikia hatua ile, upande wa chuo ulikuwa umeshinda kwa herufi ya sheria na ulikuwa unangoja tu kama herufi hiyo itasimama.

Hukumu Na. 42 ya 2017, iliyoandikwa na jaji Franco Modugno na kuwekwa hadharani tarehe 24 Februari, haikuifuta sheria. Ilisema sheria haina kasoro ilimradi isomwe kwa namna moja tu, namna inayopatana na Katiba. Kisha ikaeleza namna hiyo. Kozi zote za chuo zikihamia lugha ya kigeni kwa jumla na bila mbadala, madhara ni matatu. Kwanza, Kiitaliano kinaondolewa katika matawi mazima ya elimu. Pili, mwanafunzi asiyejua lugha hiyo ya kigeni anafungiwa njia, wakati Ibara ya 34 ya Katiba inawahakikishia wenye uwezo na bidii, hata kama hawana kitu mfukoni, haki ya kufika ngazi za juu kabisa za masomo. Tatu, uhuru wa mwalimu chini ya Ibara ya 33 unabanwa, maana ananyang'anywa uamuzi wa namna ya kuzungumza na wanafunzi wake, na mgawanyo wa vipindi unaanza kufuata ufasaha wa Kiingereza ambao hakuajiriwa kwa ajili yake.

Kinachoruhusiwa ni kipi? Kozi nzima kwa Kiingereza, iwapo ipo nyingine kama hiyo kwa Kiitaliano. Na somo mojamoja kwa Kiingereza ndani ya kozi, kwa kipimo cha busara na uwiano. Tarehe 29 Januari 2018, kwa hukumu Na. 617, Consiglio di Stato ikafunga shauri kwa kuitupa rufaa ya chuo.

Nani alishinda basi? Ukitazama orodha ya kozi za umahiri za Politecnico leo utakuta nyingi bado ni za Kiingereza. Walalamikaji walishinda kanuni. Chuo kikaendelea kuitafuta nafasi iliyobaki ndani ya maneno "busara na uwiano", nayo si ndogo. Na wakati majaji wanaandika hukumu hiyo ya mwisho, serikali ilikuwa na jambo lake jingine. Mwishoni mwa Desemba 2017 Wizara ilitangaza ruzuku za utafiti za PRIN, ambazo ndizo ruzuku kuu za taifa kwa watafiti wa vyuo, na ikataka maombi yaandikwe kwa Kiingereza. Nakala ya Kiitaliano ilikuwa hiari ya mwombaji. Accademia della Crusca, chombo cha lugha kilichopo Firenze tangu 1583, ikaandika barua ya wazi kwa waziri kulalamika. Hii ilikuwa kwa kila fani, hata historia ya sheria ya Italia. Mtafiti wa Napoli anamwandikia mtathmini wa serikali yake mwenyewe kwa Kiingereza, huku mahakama za nchi hiyohiyo zikisema Kiitaliano kisiwekwe pembezoni.

Uzamivu ulikuwa umeshaondoka stesheni

Ili kuelewa kwa nini hukumu ile haikuutikisa uzamivu wa sayansi ya siasa, lazima turudi nyuma kidogo. Italia ilichelewa mno kuwa na shahada ya uzamivu. Iliianzisha kwa sheria mwaka 1980, kupitia amri ya rais Na. 382. Kabla ya hapo kijana aliyetaka kuwa mwanachuoni alimaliza shahada yake, akakaa chini ya profesa, akafanya kazi za profesa, akangoja.

Sasa angalia mji mmoja, Firenze. Mwaka 1976, miaka minne kabla ya Italia kuwa na uzamivu wake, Taasisi ya Chuo Kikuu cha Ulaya ilifungua milango kwenye abasia ya Badia Fiesolana, kilimani juu ya mji. Iliundwa kwa mkataba wa 1972 kati ya nchi wanachama wa Jumuiya ya Ulaya. Si chuo cha Italia kisheria. Ni chombo cha nchi nyingi kilichoketi kwenye ardhi ya Italia, chenye idara ya sayansi ya siasa na jamii, na kinatoa uzamivu kwa mamlaka yake chenyewe. Mwaka huohuo wa 1976 Giovanni Sartori, mzaliwa wa Firenze na mtu aliyefanya zaidi ya wengi kuifanya sayansi ya siasa ihesabiwe kuwa fani inayojitegemea Italia, alihama kwenda Stanford, na baada ya miaka mitatu akaenda Columbia. Kitabu chake kikubwa kuhusu mifumo ya vyama kilitoka mwaka ule, Cambridge, kwa Kiingereza.

Kwa hiyo fani hii, tofauti na sheria au historia, tangu utotoni ilikuwa na mguu mmoja nje. Jarida lake kuu, *Rivista Italiana di Scienza Politica*, ambalo Sartori mwenyewe alilianzisha mwaka 1971, tangu 2015 linachapishwa na Cambridge University Press na makala zake ni za Kiingereza. Hakuna mahakama iliyoulizwa. Hakuna wahadhiri mia moja waliotia saini malalamiko. Jumuiya ya fani iliamua kwamba anayetaka kusomwa Bergen na Barcelona aandike hivyo, basi.

Lakini kubwa zaidi ni kanuni ya uzamivu yenyewe. Tarehe 8 Februari 2013, miezi mitatu kabla ya mahakama ya Lombardia kulifuta azimio la Milano, Wizara ilitoa amri Na. 45 kuhusu ithibati ya kozi za uzamivu. Ndani yake mna kifungu kinachosema tasnifu iandikwe kwa Kiitaliano au kwa Kiingereza, au kwa lugha nyingine kwa idhini ya baraza la walimu wa kozi, na iambatane na muhtasari kwa Kiitaliano au Kiingereza. Soma tena: Kiitaliano *au* Kiingereza. Lugha mbili zimewekwa benchi moja, hakuna ya mbele wala ya nyuma, na hata muhtasari si lazima uwe wa Kiitaliano. Amri mpya Na. 226 ya Desemba 2021 imekibakiza kifungu hicho.

Amri ya 2013 ikaongeza jambo jingine linalouma zaidi kuliko lugha, nalo ni fedha. Katika vigezo vya kugawa pesa za serikali kwa kozi za uzamivu, kimojawapo ni kiwango cha sura ya kimataifa cha kozi. Mkuu wa idara anayetaka nafasi za ufadhili mwakani anajua anachotakiwa kuonyesha: wanafunzi waliosoma nje, walimu wa nje kwenye baraza, makubaliano ya usimamizi wa pamoja na vyuo vya kigeni. Ukitaka Mfaransa au Mhindi akae kwenye baraza lako na kusoma rasimu za wanafunzi, rasimu hizo hazitakuwa za Kiitaliano. Hapo azimio la seneti linakuwa la nini tena?

Ndiyo maana leo uzamivu wa masomo ya siasa wa Chuo Kikuu cha Milano (kile cha serikali, si Politecnico, ingawa vyote viko mji mmoja), ule wa Scuola Normale Superiore katika Palazzo Strozzi mjini Firenze, na ule wa LUISS, chuo kikuu binafsi mjini Roma, vyote vinaendeshwa kwa Kiingereza. Wanafunzi wanaoomba kutoka nje wanaona jambo hilo la kawaida. Wengi hawajui kwamba kuna hukumu ya Mahakama ya Katiba inayozungumzia kitu cha namna hii.

Zile hoja tatu zikipimwa kwenye tasnifu

Katika maelezo yake Mahakama ya Katiba inazungumza juu ya kozi kwa ujumla, haiutengi uzamivu ili kuupima peke yake. Naona hilo ni pengo, kwa sababu hoja zile tatu hazina uzito sawa ukizipandisha ngazi hiyo.

Hoja ya mwanafunzi anayefungiwa njia inapungua nguvu. Uzamivu unachukua watu wachache kila mwaka kwa kozi, watu wazima, kwa ushindani, wakijua wanachokiomba. Hata hivyo haiishi kabisa. Kijana wa Calabria aliyesoma shule ya kawaida ya serikali na Kiingereza cha kubangaiza anashindana na mwenzake aliyepelekwa na wazazi mwaka mzima London. Kwenye usaili wa dakika ishirini kwa Kiingereza, wa pili anang'aa hata kama wazo lake la utafiti ni la kawaida. Ibara ya 34 inamzungumzia huyo wa kwanza.

Hoja ya uhuru wa mwalimu nayo inalegea, kwa kuwa baraza la walimu ndilo linalojichagulia mwenendo wa kozi. Anayeona tabu kufundisha kwa Kiingereza haingii kwenye baraza. Pengine huo nao ni ubaguzi, lakini ni wa hiari nusu na lazima nusu.

Hoja ya kwanza, ile ya Kiitaliano kuondolewa katika matawi mazima ya elimu, ndiyo inayopanda. Darasa la umahiri linapokea elimu iliyokwisha kutengenezwa. Tasnifu ndiyo inayoitengeneza. Istilahi, mabishano, namna ya kueleza jambo la kisiasa ambalo bado halijapewa jina, hayo yote huzaliwa kwenye kurasa mia tatu anazoziandika mtu mmoja kwa miaka mitatu. Kama kizazi kizima cha watafiti wa siasa kinaandika kwa Kiingereza, Kiitaliano cha sayansi ya siasa kinabaki cha magazeti na cha vitabu vya kiada. Hapo mahakama ilikuwa na jambo zito la kusema, na haikulisema.

Msomaji wa Kiswahili ana macho ya kuliona hili. Katika Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam watu wanaandika tasnifu za uzamivu kwa Kiswahili, lakini ni tasnifu za lugha na fasihi ya Kiswahili. Idara ya siasa iko chuo hichohicho na kazi zake ni za Kiingereza. Kiitaliano kinasogea polepole kuelekea hali ambayo sisi tulizaliwa ndani yake. Na Italia yenyewe imewahi kukaa upande wa pili wa meza: katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Somalia, hadi nchi ilipoporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, masomo mengi yalifundishwa kwa Kiitaliano na maprofesa waliotoka Italia kwa zamu, kwa fedha za ushirikiano wa Italia. Kijana wa Mogadishu alilazimika kukijua Kiitaliano kwanza ndipo asome kilimo. Sikumbuki wahadhiri mia moja wakienda mahakamani kwa ajili yake.

Mwanafunzi mwenyewe, na pesa zake

Tuchukue mtu wa mfano tu, si mtu halisi. Ametoka Kisumu, ana shahada ya umahiri, amepata nafasi yenye ufadhili katika kozi ya uzamivu wa siasa ya Kiingereza. Mada yake: jinsi Bunge la Italia lilivyoyashughulikia makubaliano kuhusu uhamiaji kati ya Italia na Libya yaliyotiwa saini tarehe 2 Februari 2017. Ni mada nzuri, na mtu wa Afrika ana jicho lake la kuitazama.

Posho yake, kwa kiwango kilichowekwa kuanzia Julai 2022, ni euro 16,243 kwa mwaka kabla ya makato ya hifadhi ya jamii. Gawanya kwa 12: euro 1,353 na senti, na baada ya makato anashika kama 1,190 hivi. Milano, chumba tu katika nyumba ya kushirikiana kinaweza kula nusu ya hizo. Akienda kufanya utafiti nje ya Italia, posho inaongezwa asilimia 50, yaani kama euro 677 zaidi kwa mwezi kabla ya makato, kwa jumla isiyozidi miezi 12. Inafika 18 kama tasnifu inasimamiwa kwa pamoja na chuo cha nje. Nyongeza hii ndiyo chombo chenye nguvu kuliko vyote vya sura ya kimataifa ya uzamivu wa Italia, na mtu akiniuliza nitasema ni kizuri. Inawasukuma wanafunzi wa Kiitaliano wenye akili watoke, wakae Oxford, Leiden au Nairobi, wajue watu.

Ila angalia inavyomkalia mtu wetu. Yeye tayari yuko nje ya kwao. Data yake iko Roma: kumbukumbu za neno kwa neno za vikao vya bunge, ripoti za kamati, mahojiano na wabunge na maofisa wa wizara. Zote ni za Kiitaliano, na si Kiitaliano cha sokoni, ni kile cha mbunge anayesema jambo huku analikwepa. Kufanya kazi hiyo hakuna nyongeza ya asilimia 50. Kozi yake ni ya Kiingereza, usaili ulikuwa wa Kiingereza, semina ni za Kiingereza, msimamizi anamwandikia kwa Kiingereza. Hakuna aliyemwambia rasmi ajifunze Kiitaliano, wala aliyempangia saa za kujifunza. Mwaka wa kwanza unapita akisoma nadharia. Mwaka wa pili anafungua kumbukumbu ya kikao na kukuta kurasa 80.

Wengi wakifika hapo wanafanya jambo la akili: wanabadilisha mada. Wanachukua mada ya Ulaya nzima, ambayo data yake iko tayari kwenye majedwali ya Kiingereza. Ukiona tasnifu nyingi za nchi nyingi kwa wakati mmoja zenye takwimu zilizokusanywa na wengine, usidhani ni mtindo wa fani peke yake. Sehemu yake ni lugha ya kozi inayowasukuma watu wakimbie kitu kilicho mlangoni mwao.

Akimaliza, tasnifu inakwenda kwa watathmini wasiopungua wawili wasio wa chuo chake, ambao mara nyingi wanatoka nje ya nchi. Wakisema inahitaji marekebisho makubwa, utetezi unaweza kusogezwa hadi miezi sita. Utaratibu huu, ambao nao uko kwenye amri ya 2013, umefanya kazi nzuri. Kabla ya hapo mambo yaliweza kuishia ndani ya familia. Akitaka na nembo ya *Doctor Europaeus*, inayoongezwa kwenye shahada kuonyesha sura yake ya Ulaya, anahitaji angalau miezi mitatu ya utafiti katika nchi nyingine ya Ulaya, watathmini kutoka nchi mbili za Ulaya zisizo ile anakotetea, mjumbe mmoja wa jopo kutoka nchi nyingine ya Ulaya, na sehemu ya utetezi ifanyike kwa lugha nyingine ya Ulaya isiyo ya nchi husika.

Haya, amekuwa daktari wa falsafa. Sasa ajira.

Sheria ileile ya 2010 iliyotaka sura ya kimataifa ndiyo iliyoanzisha mchujo wa taifa wa kustahili uprofesa. Mchujo ulipoanza 2012, kila jopo la watu watano lilikuwa na mjumbe mmoja kutoka chuo cha nje, katika nchi za OECD, jumuiya ambayo wanachama wake wengi ni nchi tajiri. Mwaka 2014 mjumbe huyo akaondolewa kwa sheria. Majopo yakawa ya maprofesa wa vyuo vya Italia. Kwa upande mmoja jopo linahesabu makala kwenye majarida ya daraja la A, yaani yale yaliyoorodheshwa rasmi kuwa bora katika fani, na kwa sayansi ya siasa majarida mengi ya maana ni ya Kiingereza. Kwa upande mwingine kitabu cha Kiitaliano kutoka kwa mchapishaji anayejulikana bado kina heshima yake mezani. Kijana wa Kiitaliano anaandika mara mbili. Mtu wetu wa Kisumu, ambaye kozi haikumdai Kiitaliano, hawezi kuandika mara mbili. Na hata akipata kazi, vipindi atakavyopewa kwanza ni vya shahada ya kwanza, ambavyo kwa sehemu kubwa ni vya Kiitaliano. Wachache hubaki. Wengi huondoka, na kozi inawaandika kama mafanikio ya kimataifa.

Fedha za Ulaya za kufufua uchumi baada ya korona zilifanya hali iwe na sura mpya bila kuibadilisha. Kuanzia 2022 nafasi za ufadhili wa uzamivu ziliongezeka sana kwa mkupuo, na nyingi zilikuja na masharti ya kukaa nje au kwenye kampuni na ofisi za umma. Viti vya uhadhiri havikuongezeka kwa mwendo huo.

Ningeamua vipi

Kama ningekuwa kwenye Seneti ile ya Mei 2012, ningeutenga uzamivu na umahiri, kila kimoja na azimio lake. Kuviweka pamoja kulikuwa kosa la chuo, kwa sababu kosa la neno "peke yake" kwenye umahiri liliuzamisha na mjadala ambao uzamivu uliuhitaji. Kwenye umahiri mahakama ilikuwa sahihi: huwezi kumwondolea mlipakodi wa Lodi haki ya kusoma uhandisi kwa lugha yake katika chuo cha serikali yake. Kwenye uzamivu Kiingereza hakiepukiki, na kujifanya kinaepukika ni kupoteza muda. Swali la uzamivu ni kama Kiitaliano kinabaki chombo cha kazi ndani ya kozi ya Kiingereza.

Kwa kozi ya sayansi ya siasa hilo lina jibu la bei nafuu. Amri ya 2021 inampa kila mwanafunzi bajeti ya utafiti isiyopungua asilimia 10 ya posho yake kuanzia mwaka wa kwanza, yaani euro 1,624. Baraza la walimu likiamua kwamba mgeni atakayetafiti siasa za Italia aingie masomo ya Kiitaliano tangu mwezi wa kwanza, yahesabiwe kwenye saa zake za kozi kama takwimu zinavyohesabiwa, na sura moja ya tasnifu ipitiwe kwenye semina kwa Kiitaliano kabla ya mwaka wa tatu, pesa ya kuanzia ipo. Kwa upande wa pili, muhtasari ule ambao kanuni inauacha uwe wa lugha yoyote kati ya mbili, kozi inaweza kuudai uwe wa Kiitaliano pale tasnifu inapokuwa ya Kiingereza, kurasa ishirini za haja, zenye istilahi zake. Kwa hayo yote mawili kinachohitajika ni kikao cha baraza la walimu.

Na msomaji wa Nairobi, Arusha au Bujumbura anayelitazama tangazo la nafasi za msimu huu: kabla hujaandika wazo la utafiti, tafuta majina ya walimu wa baraza la kozi na uone wanaandika kwa lugha gani na juu ya nchi zipi. Angalia kama nafasi unayoiomba ina posho, maana zipo zisizo nayo. Na kama mada yako ni Italia yenyewe, mwulize mratibu wa kozi kwa barua pepe ni nani atakayekufundisha Kiitaliano, na saa zipi.